Noti Moja ya Louis Armstrong

Mwezi wa Novemba 1960 Louis Armstrong alipiga tarumbeta Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Alikuwa na miaka 59. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 28 Oktoba, alikuwa amefika Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambako watu walimketisha kwenye kiti, wakakiinua juu na kumpitisha katikati ya umati. Kongo ilikuwa na miezi michache tu ya uhuru na tayari ilikuwa imepasuka. Moïse Tshombe alikuwa ametangaza kuitenga Katanga, Patrice Lumumba alikuwa amezuiliwa nyumbani kwake, na upande wetu huu wa kaskazini, ambako Kalemie ilikuwa bado ikiitwa Albertville, Waluba wa chama cha Balubakat walikuwa wakipambana na askari wa Tshombe. Katika hali hiyo akaja mzee mwenye leso nyeupe mkononi, na watu wakakaa chini kumsikiliza.

Safari ile ilikuwa na mkono wa serikali ya Marekani, na wanahistoria wameandika mengi juu ya siasa yake. Ni jambo linalostahili kuandikwa. Kazi yangu mimi ni tarumbeta, na katika kufundisha vijana wa fanfari hapa Kalemie nimeona kwamba jina la Armstrong wanalijua, tabasamu lake wanalijua, hata sauti yake ya kukwaruza anapoimba wanaijua, lakini tarumbeta yake hawajaisikiliza. Kijana akitaka kumsifu mpigaji atakwambia ana nguvu, ana kasi, anapanda juu. Armstrong alikuwa navyo vyote hivyo, na bado ningemheshimu hata kama asingekuwa navyo. Ukuu wake unasikika ndani ya noti moja iliyosimama.

Noti hiyo imo katika “West End Blues”, wimbo uliotungwa na Joe “King” Oliver, yule mwalimu wake aliyemwita Chicago kutoka New Orleans mwaka 1922. Armstrong aliurekodi Chicago tarehe 28 Juni 1928, Earl Hines akiwa kwenye piano. Rekodi ni ya dakika tatu na ushei. Wengi huisifu kwa mwanzo wake: tarumbeta peke yake, bila ngoma wala piano, inapanda na kushuka kwa sekunde kadhaa, na wapigaji wa jazi tangu siku zile wamekuwa wakijaribu kuufuata mwendo ule. Nami naustahi. Lakini ukiniambia nichague sekunde chache tu za kumfundishia kijana, nitachagua zile za karibu na mwisho. Armstrong anaingia tena kwa mzunguko wa mwisho, anapanda hadi Si bemoli ya juu, na kubaki pale. Hafanyi kingine chochote. Anaishika noti hiyo kwa karibu mapigo 16 huku bendi ikitembea chini yake, na haiyumbi, haififii, wala hailii kwa uchungu wa mtu anayelazimisha. Kisha ndipo anaiachia na kumwaga maneno yake ya mwisho kwa kasi.

Ili uone ugumu wa jambo hilo ni lazima ujue tarumbeta inavyofanya kazi. Chombo hiki hakina ulimi wa mwanzi kama saksofoni, wala hakina nyuzi. Ukikipulizia hewa tupu, hewa itatokea upande wa pili na hutasikia sauti. Kinachotoa sauti ni midomo ya mpigaji mwenyewe. Mtoto akilijaza puto hewa, kisha akaivuta shingo yake kwa vidole pande mbili, puto hulia, kwa sababu kingo za ule mpira hufunguka na kufungika haraka sana hewa inapopita. Midomo iliyokutanishwa kwenye kinywa cha tarumbeta, kile kikombe kidogo cha chuma kinachogusa uso, hufanya kazi hiyo hiyo. Kwa noti ile ya Armstrong midomo hufunguka na kufungika takriban mara 932 katika kila sekunde. Ikizidi kidogo, noti inapanda; ikipungua kidogo, inashuka; na sikio la kawaida kabisa litagundua. Armstrong aliishika hesabu hiyo kwa sekunde zipatazo 10, bila kifaa chochote cha kumwonyesha, zaidi ya sikio lake.

Mrija nao una masharti yake. Tarumbeta ya kawaida, ile ya Si bemoli, ikinyooshwa yote hufikia karibu mita moja na nusu. Hewa iliyomo ndani ya mrija huo haikubali kila mtetemo unaoletewa na midomo. Bila kubana pistoni yoyote mpigaji hupata sauti chache tu, ambazo upande wa chini zimeachana sana, na kadiri anavyopanda zinazidi kukaribiana. Juu kule, midomo ikikosea kwa kiasi kidogo sana, unaangukia noti ya jirani. Ndiyo maana katika misa au katika maandamano utamsikia mpigaji asiyekomaa akiparamia noti ya juu na kuteleza: midomo yake imelenga mahali pawili kwa wakati mmoja, na mrija umemchagulia mahali pasipotakiwa.

Kanuni hii ya midomo ni ya zamani kuliko kiwanda chochote cha Ulaya. Siwa, zile baragumu za pwani ya Kenya, ile ya pembe za ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zilipulizwa ubavuni kwa midomo inayotetema namna hiyo hiyo, wala hazina pistoni hata moja. Mpulizaji wa siwa alikuwa na sauti chache za kuchezea mbele ya watawala na wageni wao. Thamani yake ilikuwa katika ubora wa hizo chache.

Pistoni zilikuja katika karne ya 19, na aina tunayoibana leo ilitengenezwa na François Périnet mjini Paris mwishoni mwa miaka ya 1830. Kila pistoni huongeza kipande cha mrija: ya pili hushusha sauti kwa nusu toni, ya kwanza kwa toni nzima, ya tatu kwa toni moja na nusu. Hapa pana kasoro ambayo wanunuzi wengi hawaambiwi dukani. Kila kipande kimepimwa kwa kutumika peke yake. Ukibana ya kwanza na ya tatu pamoja, mrija mzima umekuwa mrefu, na vile vipande havitoshi tena kuushusha inavyopaswa. Noti hutoka ikiwa imepanda kidogo. Ukibana zote tatu, kasoro huongezeka. Tarumbeta ya bei kubwa inayo, na ile ya bei ndogo inayo. Mpigaji hodari huiondoa njiani, akisukuma nje kimrija cha pistoni ya tatu kwa kidole cha mkono wa kushoto, au akilegeza midomo kwa kiasi ambacho hata aliyekaa mbele yake hawezi kukiona. Msikilizaji hasikii marekebisho hayo. Anasikia tu kwamba tarumbeta na waimbaji wamekaa pamoja.

Sasa turudi kwenye pumzi, maana hapo ndipo noti ndefu inapoamuliwa. Mtu akijaza mapafu yake sawasawa, mbavu hupanuka pande zote na tumbo husogea mbele; mabega hayana kazi ya kupanda. Mapafu yaliyojaa hutaka kujirudi yenyewe, yaani yanasukuma hewa nje hata kabla hujayaamuru. Mapafu yanayokaribia kuishiwa hewa hayasukumi tena. Ni lazima misuli ya tumbo na ya kati ya mbavu iyakamue. Kwa hiyo mpigaji anayeshika noti kwa sekunde 10 huanza kwa kuizuia hewa na humalizia kwa kuisukuma. Kazi ya mwili hubadilika katikati ya noti, na ustadi ni kwamba wewe unayesikiliza usijue ilibadilika wapi. Isikilize tena ile Si bemoli ukiwa na jambo hilo akilini. Utaitafuta ile sehemu ya mabadiliko na hutaipata.

Vijana wengi hudhani noti za juu zinataka hewa nyingi. Wanavuta pumzi mpaka wanakuwa wekundu macho, wanapuliza kwa hasira, na wanapata kizunguzungu. Noti ya juu hutumia hewa kidogo, lakini iliyogandamizwa sana, ikipita kwenye upenyo mwembamba. Aliyelielewa hili hupanda juu bila uso kubadilika. Asiyelielewa hutafuta msaada kwingine: anakibonyeza kinywa cha tarumbeta juu ya midomo yake kwa nguvu ya mkono. Hilo nitalirudia, kwa sababu Armstrong mwenyewe lilimgharimu.

Kwanza rangi ya sauti. Noti moja ya tarumbeta haiko peke yake. Ndani yake mna sauti nyingine za juu zaidi, mara mbili ya ule mtetemo, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Kiasi cha kila moja ndicho kinachokufanya uitambue tarumbeta hata ukiwa umefumba macho, na ndicho kinachokufanya umtambue Armstrong kati ya wapigaji 20. Ukipuliza polepole, zile za juu ni chache na sauti ni laini, karibu na filimbi. Ukipuliza kwa nguvu, huongezeka kwa ghafla, kwa sababu ndani ya mrija mwembamba kilele cha wimbi la hewa husafiri haraka kuliko sehemu zake za chini, mpaka wimbi linasimama wima mbele. Hapo ndipo unapopata ule mng'ao mkali wa shaba. Kwa maumbile yake, basi, tarumbeta inayopigwa kwa nguvu huelekea kuchoma masikio. Armstrong aliupata mng'ao bila kuchoma. Sauti yake ina upana chini ya ukali, kwa sababu koo lake liko wazi na midomo yake haijabanwa mpaka ikafa. Inatetema kwa uhuru hata pale juu. Ukitaka kupima mpigaji yeyote, mwombe apige noti ile ile kwa sauti ndogo kisha kubwa. Wengi wana sauti mbili za watu wawili tofauti. Wachache wanabaki kuwa mtu mmoja.

Kuna na ule mtikisiko wa mwisho wa noti. Wapigaji wasiojiamini huitikisa noti tangu inapoanza, na mara nyingi sababu ni kwamba haijatulia na wanataka kuifunika. Armstrong huianza ikiwa imenyooka kabisa, anaiacha isimame, na inapokaribia kwisha ndipo anaanza kuitikisa, kidogo kidogo, kwa upana unaoongezeka. Kwa hiyo noti zake zinaelekea mahali. Hata noti moja fupi mwishoni mwa sentensi ya muziki ina mwanzo na ina mwisho. Sijui mbinu nyingine ya tarumbeta iliyo rahisi kueleza hivi na ngumu kuitenda hivi.

Kuhusu ulimi nitasema machache. Ulimi ndio unaoifungua noti, kwa mguso wa “tu” ukitaka mkato na “du” ukitaka ulaini. Na kwa noti za haraka sana mpigaji hubadilishana “tu-ku-tu-ku” ili ncha ya ulimi na shina lake vigawane kazi. Hilo mtu hujifunza kwa miezi michache. Sauti nzuri huchukua miaka, na ndiyo maana nasikitika kuona kasi ikipewa zawadi mapema mno.

Sasa lile la midomo. Armstrong alifundishwa koneti, ndugu wa tarumbeta, na Peter Davis katika nyumba ya kurekebishia wavulana huko New Orleans, alikopelekwa akiwa na miaka 11 kwa kufyatua bastola mtaani katika mkesha wa mwaka mpya wa 1913. Namna aliyozoea kuweka kinywa cha koneti mdomoni haikuwa salama, na alikuwa akikibonyeza kwa nguvu. Miaka ya mwanzo ya 1930, alipokuwa akiwashangaza watu kila usiku kwa noti za juu mfululizo, midomo yake ilipasuka na kutoka damu zaidi ya mara moja, na katikati ya miaka hiyo ilimlazimu kupumzika kwa miezi. Baadaye alitumia mafuta ya midomo yaliyotengenezwa na Franz Schüritz wa Mannheim, Ujerumani. Mwaka 1982 daktari wa upasuaji Jaime Planas alieleza kitaalamu jeraha la wapigaji wa tarumbeta, kuchanika kwa ule msuli wa mviringo unaouzunguka mdomo, na akalipa jina la utani la Armstrong, Satchmo. Kwa hiyo ninapomsifu nasema wazi: sauti yake tuifuate, ubonyezaji wake tuuache. Mtu mwenye sikio kama lile na pumzi kama ile angeweza kufika alikofika bila kuiumiza nyama yake.

Na bado maumivu hayo yalizaa kitu. Alipozeeka alipunguza maonyesho ya noti za juu na akaegemea zaidi kwenye wimbo wenyewe. Rekodi zake za nyimbo za W. C. Handy za mwaka 1954 zina tarumbeta ambayo kwangu mimi ni pana na yenye utu kuliko hata ile ya 1928. Mtu aliyekuja Katanga mwaka 1960 alikuwa ni huyo: mpigaji mwenye noti chache, kila moja ikiwa imepimwa.

Kwetu tarumbeta imepita njia nyingine pia. Sahani za muziki wa Kuba zilizoanza kuingia Kongo katika miaka ya 1930 zilikuja na tarumbeta ndani yake, na wanamuziki wa Léopoldville wakaiokota humo. African Jazz ya Joseph Kabasele ilikuwa na Willy Mbembe. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanzania, bendi ya Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, imekuwa na Roman Mng'ande, anayeimba na kupuliza tarumbeta pia. Katika rumba na katika dansi tarumbeta haipewi mapigo 16 ya kujionyesha. Inajibu waimbaji kwa maneno mafupi, mara nyingi ikiwa bega kwa bega na saksofoni, kisha inanyamaza. Kwa hiyo mpigaji wa huku hupimwa kwa namna anavyoingia na namna anavyotoka: noti ianze pamoja na mwenzake, ikatike pamoja naye, wala isimfunike mwimbaji. Ni adabu ngumu, na wale wanaoidhani rahisi hawajajaribu kuingia mara 30 katika wimbo mmoja bila kuchelewa hata mara moja.

Njia hizi mbili zilikutana. Mwaka 1956 Armstrong alituma tarumbeta yake moja Afrika Kusini kwa bendi ya vijana iliyoanzishwa kwa msaada wa Padri Trevor Huddleston, na mmoja wa vijana hao alikuwa Hugh Masekela. Septemba 1974 Masekela alikuwa Kinshasa, safari hii kama mmoja wa waandaaji wawili wa tamasha la Zaire 74, pamoja na Stewart Levine. Sauti ya Masekela hailingani na ya Armstrong. Ina moshi zaidi, na alipenda kuisukuma noti kutoka chini mpaka ikae mahali pake. Lakini sikiliza anavyoimalizia. Hakuna noti anayoitupa.

Hapa Kalemie tuna jambo letu la kuongeza, nalo ni joto. Hewa ikipata joto, sauti husafiri haraka zaidi ndani ya mrija na noti hupanda. Tofauti ya nyuzi 10 za Selsiasi inatosha kupandisha noti kwa karibu theluthi ya nusu toni, na kwa fanfari ya watu 12 hiyo ni vurugu. Tarumbeta iliyolinganishwa asubuhi ndani ya kanisa lenye kivuli haitalingana na mwenzake wakati wa maandamano ya mchana kando ya ziwa, hasa kama mmoja aliiacha juani na mwingine aliikumbatia kifuani. Nimeona vyombo vizima vikipelekwa kwa fundi kwa sababu hiyo. Vilinganisheni nje, mahali mtakapopigia, baada ya kupuliza kwa dakika chache ili chombo kipate joto la pumzi, na mlirudie zoezi hilo kila mnaposimama.

Walimu wenzangu wa fanfari, wa makanisa na wa shule, nawaomba mambo mawili. Kabla ya wimbo wowote, wapeni vijana dakika 10 za noti ndefu kwa sauti ndogo, katika eneo la kati la tarumbeta, na msiwapandishe juu mpaka ya kati iwe imetulia. Na kijana anapotoa chombo mdomoni, mtazameni. Akiwa na alama ya duara iliyozama na nyekundu ambayo haiondoki baada ya muda, mwambieni aweke tarumbeta chini kwa siku hiyo, hata kama kesho kuna sherehe.